Tunawasha Taa Mchana

Jumapili iliyopita nilikwenda kumsalimia mama. Ilikuwa saa tisa alasiri, jua la Dar es Salaam likiwa kali kama mnavyolijua wenyewe. Nikapiga hodi, nikavua viatu, nikaingia sebuleni. Giza. Mapazia mazito yamefungwa, feni inazunguka juu ikihamisha hewa ya moto kutoka kona moja kwenda nyingine, na mama amekaa chini ya taa ya umeme anachambua mchele.

Hebu irudie picha hiyo kichwani, msomaji wangu. Saa tisa alasiri. Nje kuna mwanga wa bure wa kutosha mkoa mzima. Ndani taa inawaka ili mtu aone mawe kwenye mchele.

Nikamwambia, "Mama, si ufungue pazia?" Akanijibu bila kuinua kichwa, "Fungua wewe, halafu ukae hapo." Nikafungua. Dakika mbili hazikufika. Jua liliingia lote kama lilivyo kupitia vioo viwili vikubwa vya kusukuma, likapiga vigae vyeupe vya sakafuni, likarudi machoni. Lilinitia kiwi hadi uso wa mama nikawa nauona kama kivuli tu. Kochi la upande ule limeshapauka, lile la upande wa pili bado lina rangi yake ya dukani. Nikafunga pazia, tukarudi gizani.

Mama ni mwalimu mstaafu. Nyumba ile ndiyo mafao yake. Miaka zaidi ya thelathini ya chaki imeingia kwenye msingi, tofali, bati na hayo madirisha ya aluminiamu, ambayo alijinyima mengi ili ayapate. Sasa mdogo wangu naye amenunua kiwanja pale jirani. Anataka kuanza msingi mwezi ujao. Fundi ni yule yule, ramani ni ile ile, sebule inatazama kule kule. Nikajisemea, kabla hatujarudia kosa kwa fedha nyingine za jasho, ngoja nijue tumefikaje hapa. Nimekaa na vitabu wiki nzima. Leo nawaletea nilichokipata.

Tuanze na waliotutangulia. Nenda Lamu, mji ulioingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, uzitazame nyumba za mawe za karne ya 18. Kwa nje unaona ukuta tu, karibu hakuna dirisha linalotazama mtaani. Mgeni anaweza kudhani ni ghala. Ukuta wenyewe ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake unakaribia nusu mita. Unaingia kwenye daka, unapinda kona, ndipo unakutana na kiwanda. Sizungumzii kiwanda cha nguo. Kiwanda cha nyumba ya Lamu ni ua wa ndani usio na paa, na jua linaruhusiwa kuanguka pale tu.

Kutoka kiwandani, vyumba vimepangwa kimoja nyuma ya kingine. Kwanza msana, halafu ndani. Jua likianguka uani linagonga kuta zilizopakwa chokaa nyeupe, linadunda, linaingia msanani likiwa limekwisha kupoa. Kadiri linavyosonga ndani ndivyo linavyolainika. Vyumba havikuwa vipana, kwa sababu upana uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, na boriti hizo kwa kawaida hazivuki mita tatu. Kwa hiyo kila chumba kilipata sehemu yake ya mwanga, ingawa kidogo, bila jua lenyewe kukanyaga sakafu.

Hapa ndipo pa kutia alama. Wale mafundi hawakuufukuza mwanga. Waliuzungusha. Walijua kuwa jua na mwanga ni vitu viwili: mwanga unausomea, jua linakuchoma. Wakalipokea jua nje, wakaruhusu mwanga wake uingie.

Ukivuka hadi Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa kwenye orodha hiyo hiyo mwaka 2000, unakuta mbinu nyingine. Vichochoro ni vyembamba na nyumba ni ndefu, basi nyumba zinakingiana jua zenyewe kwa zenyewe. Katika karne ya 19, baada ya Seyyid Said kuhamishia makao yake Unguja kutoka Muscat, biashara ilipanuka na nyumba zikaanza kufungua macho mtaani. Lakini hata zilipofungua macho zilivaa kope. Madirisha marefu yaliwekewa milango ya mbao yenye vibao vilivyolazwa mshazari: upepo unapita, mwanga unachungulia, jua linabaki nje. Wafanyabiashara kutoka India wakaongeza roshani za mbao zilizochongwa. Na mwaka 1883 Sultan Barghash alipojenga Beit al-Ajaib, jumba kubwa kuliko yote mjini, alilizungushia varanda pana kila upande, ghorofa juu ya ghorofa, zikibebwa na nguzo za chuma. Jumba lile lilikuja kuwa la kwanza Zanzibar kuwa na umeme, lakini kazi ya kupooza kuta lilimwachia kivuli. Sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, na wengi tuliolia siku ile tulikuwa tunalilia saa na historia. Mimi leo nalilia na zile varanda.

Wasiokuwa na mawe wala sultani je? Nao walikuwa na jibu. Nyumba ya Kiswahili tunaijua wote, hasa tuliokulia Magomeni, Temeke au Kariakoo: ukumbi katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, uani nyuma, baraza mbele. Katika ile ya zamani paa la makuti lilishuka chini kupita ukuta, hadi mtu mrefu anainama akitaka kupita. Ule ndio upenu. Dirisha lilikuwa dogo, la mbao, limejificha chini ya upenu kama mtoto chini ya kanga ya mama yake. Na mchana hakuna aliyeshinda ndani. Watu walishinda barazani au uani, wakihama na kivuli: asubuhi upande huu, jioni upande ule.

Kisha wakaja Wazungu, na wao jua liliwatisha kweli kweli. Mwaka 1905 daktari wa jeshi la Marekani, Charles Woodruff, alichapisha kitabu kizima akidai kwamba mwanga wa nchi za joto unaharibu mwili na akili za watu weupe. Leo nadharia yake inatuchekesha, lakini wakati ule ilichukuliwa kwa uzito, na zile kofia ngumu nyeupe unazoziona kwenye picha za zamani zilitokana na hofu ya aina hiyo. Wajerumani walipohamishia makao makuu yao Dar es Salaam kutoka Bagamoyo mwaka 1891, walijenga majengo yenye kuta nene, dari ndefu na varanda pana. Hospitali ya Ocean Road, iliyojengwa mwaka 1897, bado ipo pale ufukweni, ukipita itazame.

Lakini kivuli hakikugawiwa sawa. Chini ya Waingereza mji uligawanywa kanda: uzunguni, uhindini, uswahilini. Uzunguni kulikuwa na viwanja vikubwa, miti na nyumba zilizokaa mbali na barabara. Uswahilini viwanja vilibanana, na paa la makuti lilipobadilishwa kuwa la bati au madebe, upenu mara nyingi ulikatwa ukawa mfupi, maana bati ni fedha. Ndiyo kusema, kuanzia pale kivuli kikawa na tabaka. Nadhani mbegu ya tatizo letu ilipandwa hapo, nitarudi kulieleza.

Kabla ya hapo nataka tupite Paris kidogo, kwa sababu sebule ya mama ina ndugu yake kule, mkubwa na maarufu.

Mwaka 1933 Jeshi la Wokovu lilifungua jijini Paris jengo la kuwahifadhi watu wasio na makazi, Cité de Refuge. Msanifu wake alikuwa Le Corbusier, mmoja wa wasanifu majengo waliosikika sana katika karne ya 20. Upande wa kusini, ambako jua la Ulaya linatokea, aliweka ukuta wa kioo usiofunguka hata kidogo. Mpango wake ulikuwa vioo viwe safu mbili na mashine iendeshe hewa ndani. Fedha zikapungua. Kioo kikawa safu moja, mashine ya kupooza haikuwekwa. Majira ya baridi watu wakasifu. Kiangazi kilipofika, wanawake na watoto waliokuwa ndani wakaanza kuoka. Msanifu alishikilia msimamo wake, mamlaka za jiji zikashikilia wao, na mwishowe yakatobolewa madirisha yanayofunguka. Wakati wa vita, mwaka 1944, bomu lilivunja vioo vile, na jengo lilipokarabatiwa baadaye likawekewa mbele ya vioo kitu ambacho halikuwa nacho mwanzo: vizuizi vya zege vya kukinga jua. Kwa Kifaransa huitwa brise-soleil. Mimi naviita vivunja-jua.

Wakati huo wazo la vivunja-jua lilikuwa limeshavuka bahari. Mjini Rio de Janeiro, kuanzia mwaka 1936, vijana wa Kibrazil wakiwamo Lucio Costa na Oscar Niemeyer, na Le Corbusier akiwa mshauri, walichora jengo la Wizara ya Elimu na Afya. Rio iko kusini ya Ikweta, jua kali linatokea kaskazini. Basi upande wa kaskazini wakaufunika kwa vibao vya kulala vinavyoweza kugeuzwa kufuata jua. Ukivitazama vile vibao, kisha ukatazama dirisha la Mji Mkongwe, unatamani kuuliza nani alimfundisha nani. Sitaki kudai kwamba walituiga. Jua ni lile lile, na watu wenye akili wanaolitazama hufika mahali pamoja.

Hapa Afrika nako mambo yalisogea. Mwaka 1953 ulifanyika London mkutano juu ya usanifu wa majengo ya nchi za joto, na mmoja wa waliousukuma alikuwa mwanafunzi wa Kinaijeria aliyekuwa akisoma Manchester, Adedokun Adeyemi. Lalamiko lake lilikuwa rahisi: tunafundishwa kujenga kwa ajili ya baridi, halafu tunarudishwa kwenye jua. Mwaka uliofuata shule ya usanifu ya Architectural Association ikaanzisha idara ya usanifu wa nchi za joto. Maxwell Fry na mkewe Jane Drew, waliofanya kazi Afrika Magharibi, wakaandika vitabu. Ndugu wawili mapacha wenye asili ya Hungaria, Aladar na Victor Olgyay, mwaka 1957 wakachapisha Marekani kitabu kinachohusu vizuizi vya jua tu, kwa michoro na hesabu.

Dar es Salaam ya miaka ya 1950 na 1960 ilikuwa ndani ya mkondo huo. Anthony Almeida, mzaliwa wa Dar aliyesomea usanifu Bombay, alirudi nyumbani akajenga kwa kufuata jua na upepo wa hapa. Chuo kikuu kilipohamia Mlimani mwaka 1964, majengo yake ya mwanzo yalikuwa na vibaraza vya kupita, kuta za matundu na vivuli vya zege. Uliyesoma pale unakumbuka upepo wa korido zile. Na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki, akatuchorea Soko la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975: miavuli mikubwa ya zege iliyobeba kivuli juu na kukusanya maji ya mvua, huku upepo ukipita pembeni. Soko lile liliungua Julai 2021, lakini somo la ile miavuli halikuungua.

Sasa niseme kidogo hesabu, msikimbie. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini ya Ikweta. Kwa hiyo mwezi Juni jua la adhuhuri linakaa upande wa kaskazini, nyuzi kama 60 kutoka usawa wa ardhi. Desemba linakaa kusini, juu zaidi, nyuzi kama 73. Maana yake ni nini kwa anayejenga? Dirisha la urefu wa mita 1.2 linalotazama kaskazini linahitaji upenu wa sentimita 70 tu ili jua la adhuhuri ya Juni lisiliguse. Linalotazama kusini, sentimita 40 zinatosha adhuhuri ya Desemba. Ni kazi ndogo, paa linakufanyia bila kukudai.

Linalotazama magharibi ndilo lenye kesi. Saa kumi na nusu jioni jua liko kwenye nyuzi kama 30. Upenu ule ule wa sentimita 70 utafunika sentimita 40 za juu, kinachobaki chote kinaingia sebuleni. Ukitaka kulifunika dirisha zima kwa saa ile unahitaji kivuli kinachotoka mita mbili na kidogo. Hicho si upenu tena. Hiyo ni baraza! Nilipoimaliza hesabu hii usiku nilicheka peke yangu. Upana ambao kikokotoo kimeniambia ndio upana ambao bibi zetu walikalia wakisukana nywele. Na jua likishuka zaidi, kuanzia saa kumi na moja, hata baraza haitoshi. Hapo inahitajika kitu cha kusimama wima: mti, ukuta wa matofali ya matundu, au ile milango ya vibao.

Na kwa nini kivuli kiwe nje? Pazia lina kosa gani? Pazia halina kosa, linachelewa tu. Kioo cha kawaida kinapitisha zaidi ya asilimia 80 ya joto la jua linalokipiga moja kwa moja. Likishaingia linapasha sakafu, kochi na pazia lenyewe. Vitu hivyo navyo vinatoa joto, lakini joto la aina nyingine ambalo kioo hakilipitishi kurudi nje. Ndilo linalokupata ukifungua mlango wa gari lililoegeshwa juani. Kwa hiyo pazia zito linapokea moto ambao tayari uko ndani ya nyumba. Jeupe ni afadhali, linarudisha kiasi. Kioo cheusi, kile cha tinti, kinapunguza mwanga kweli, lakini kinanyonya joto, kinapata moto chenyewe, na sehemu ya moto huo kinakurudishia ndani. Na usiku unakaa ndani ya chupa nyeusi.

Kuhusu macho, jua la mchana wazi linafikisha mwanga wa laksi karibu 100,000. Kusoma gazeti kunataka laksi 300 mpaka 500. Umeona tofauti? Hatuhitaji jua ndani ya nyumba ili tuone, tunahitaji makombo yake tu. Kinachotia kiwi ni ule mvutano wa doa moja linalowaka kando ya kona yenye giza. Jicho halijui lifuate kipi. Ndiyo maana mama amefunga vyote akawasha taa: taa inampa mwanga wa namna moja. Hakufanya ujinga, alichagua lililomuumiza kidogo kuliko jingine.

Tulipotea wapi basi? Mwaka 1959 kampuni ya Pilkington ya Uingereza ilitangaza njia mpya ya kutengeneza vioo kwa kuvielea juu ya bati lililoyeyushwa. Kioo kikubwa, kilichonyooka, kikawa rahisi kupatikana duniani kote. Huku kwetu, baada ya 1985, enzi za ruksa za Mzee Mwinyi, milango ya bidhaa kutoka nje ilifunguliwa, na katika miaka iliyofuata aluminiamu na vioo vya kusukuma vikawa ndiyo alama ya nyumba ya kisasa. Madirisha ya kusukuma, kumbuka, hufunguka nusu tu. Nusu ya pili siku zote ni kioo. Dirisha likakua, upenu ukasinyaa, maana ramani ikapendeza zaidi bila upenu. Viwanja vikapimwa kufuata barabara, na nyumba lazima itazame barabara hata kama barabara iko magharibi. Baraza ikafa kwa sababu ya ukuta wa uzio. Mashine ya kupooza hewa ikaja kufunika makosa yote. Halafu mwaka 2006 ukame ukaja na mgawo wa umeme, mashine zikanyamaza, tukagundua kwamba tunaishi ndani ya viotamiya.

Sasa ile mbegu niliyosema. Kwa nini hatukuipigania baraza na upenu? Nilidhani ni kutojua. Jumapili ile mama alinisahihisha. Nilimwambia, "Mama, tungekujengea kibaraza cha makuti hapo mbele, jua lisingekufika." Akaweka ungo chini.

"Makuti? Watu wanaoshuka kwenye daladala wataingia kuagiza bia. Unataka nyumba yangu iwe baa?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Wewe mtoto hujakaa nyumba ya makuti. Mimi nimekaa. Dirisha kama hili," akaonyesha kwa viganja viwili, "moshi ndani, giza ndani, unasomea kibatari saa nane mchana. Nilipokuwa nasoma nilijiapiza, nikijenga kwangu nitaweka dirisha kubwa. Nimeliweka."

Sikuwa na la kujibu. Vitabu vyangu vyote vya wiki nzima havikuwa na jibu. Kwa mama, kile kioo si kioo. Ni ushahidi kwamba ametoka gizani. Kivuli kikubwa cha uzunguni hakikuwa chake, kivuli alichopewa yeye kilikuwa na moshi. Ukimwambia arudi kwenye kivuli, anasikia arudi kwenye umaskini. Na tuseme ukweli wote: zile nyumba nzuri za Lamu na Zanzibar, kuta zake zisizo na madirisha hazikujengwa kwa ajili ya jua peke yake. Ziliwafungia wanawake wasionekane, na nyingi zilijengwa na kutunzwa kwa mikono ya watumwa. Historia haitupi kitu kisafi. Inatupa kitu ambacho inabidi tukiokote, tukioshe, ndipo tukitumie.

Kwa hiyo sisemi turudi kwenye dirisha la kiganja. Nasema dirisha kubwa la mama lilikuwa haki yake, na kosa halikuwa ukubwa wake. Kosa ni kwamba tulimuuzia dirisha bila kope. Kioo kimekuja kama alama ya maendeleo, kivuli kikaachwa nyuma kama alama ya ushamba, na hakuna fundi, mpimaji wala muuza aluminiamu aliyemwambia mwalimu huyu kwamba anaweza kuwa na vyote viwili. Wenye kujua walikuwapo. Kina Almeida na Amuli walishajenga jibu hapa hapa mjini kwetu, tunapita mbele yake kila siku tukiwa tumesimama kwenye daladala.

Tulizungumza hadi magharibi. Mdogo wangu alikuja na ramani yake imekunjwa mfukoni, tukaitandika juu ya meza ya kahawa chini ya ile taa. Tukaigeuza robo mzunguko. Sebule ikatazama kaskazini, stoo, choo na jiko zikaenda magharibi zikawe ngao, na vidirisha vyake vikawa vidogo na vya juu. Paa tukalitoa sentimita 80. Mlango wa mbele hautatazama barabara, na mdogo wangu alinung'unika kidogo kuhusu hilo, kisha akakubali. Kugeuza ramani kabla ya msingi hakugharimu mfuko hata mmoja wa saruji. Kuigeuza baada ya msingi, kamuulize mama.

Na kwa mama mwenyewe? Makuti alikataa katakata. Tukakubaliana bati lile lile la nyumba, nguzo nne za bomba, mita mbili na nusu kutoka ukutani, na kamba za waya upande wa magharibi ili mpasheni upande. "Pasheni sawa," akasema. "Pasheni hata mkuu wa shule alikuwa nayo." Jumamosi ijayo tunachimba mashimo ya nguzo.

Nilipoaga ilikuwa saa moja kasoro, jua limezama. Mama akainuka, akafungua mapazia yote mawili, akazima taa. Kwa dakika chache za mwisho za mwanga ule laini wa magharibi, sebule ile ilikuwa nzuri sana, vigae, kochi lililopauka, picha za ukutani, vyote vinaonekana. Nadhani hivyo ndivyo alivyoiona kichwani wakati anailipia.

Nawe unayejenga, au unayemjengea mzazi: nenda na dira kiwanjani kabla ya kwenda na futi kamba.

Ni hayo tu kwa leo.